Mpungate wa Mama Kija

Siku hizi mpungate unauzwa. Nimeuona mwenyewe mjini Mwanza, umepandwa kwenye chungu kilichopakwa rangi na kuwekwa mlangoni mwa hoteli, na kijana mwenye tai anaumwagilia maji. Nilitaka kumwambia asijisumbue, kwamba mmea huo haujawahi kumwomba mtu maji. Nikanyamaza, nikapita zangu. Kunyamaza nimekuzoea.

Naitwa Selina, binti Chenge, wa Buswelu. Ninayetaka kumweleza hapa ni jirani yetu Ng'washi, ambaye sisi sote tulimwita Mama Kija, na jinsi alivyopokonywa kaburi la mtoto wake wa pekee. Serikali ilikuwepo siku hiyo, na tajiri wa samaki alikuwepo, lakini waliompokonya ni baba yangu na mimi. Nasema mapema ili msomaji asije akaanza kunihurumia katikati ya safari.

Mama Kija alifika Buswelu mwaka 1974, mumewe Shigela alipopata kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Walitoka ng'ambo, upande wa Sengerema, wakavuka kwa kivuko cha Busisi wakiwa na mtoto wao mdogo, kitanda, vyungu na gunia moja ambalo mama huyo hakumruhusu mtu kulikalia. Wakati huo kijiji kilikuwa kinagawa viwanja. Mwenyekiti wa enzi hizo, mzee Ndalahwa, alipima kwa miguu yake mirefu huku akihesabu kwa sauti, na alipofika mwisho wa hesabu yake alisimama na kusema, "Hapa pandeni ua." Hakuna karatasi iliyoandikwa. Ua ndio uliokuwa karatasi.

Watu walipanda minyaa, wengine mkonge. Mama Kija alifungua gunia lake akatoa vipande vitatu vya mpungate, alivyovikata kwenye ua wa mama yake mzazi. Wanawake wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mtu anahama, watu wanabeba mbegu, yeye kabeba miiba! Hakukasirika. Aliwaambia kwamba utomvu wa minyaa unapofua macho ya watoto na mkonge hauliwi, na kwamba wangoje miaka mitatu ndipo wacheke vizuri.

Alikuwa ameishia darasa la pili, lakini mmea wake aliujua kuliko bwana shamba. Vile vipande aliviacha juani siku nne mpaka jeraha la kisu likauke, maana ukikipanda kibichi kinaoza. Kisha akavisimamisha kwenye udongo wa changarawe, akaviegemeza kwa jiwe, basi. Hakuvipa hata kikombe cha maji. Baada ya mwezi kila kipande kilikuwa kimetoa kingine kichwani, na hicho kikatoa vingine viwili masikioni. Mpungate hauna majani kama mimea mingine. Vile vinavyofanana na majani manene ni shina lenyewe, na ndani yake limejaa maji ya ute ambayo mmea umejiwekea. Kila kipande kinachoanguka chini, hata kama hakuna aliyekitaka, kinatoa mizizi na kuanza maisha yake. Mambo haya yakumbuke, kwa sababu ndiyo yaliyotufikisha pale tulipofika.

Miaka mitatu ilipopita ua ulikuwa umemzidi mtu mzima urefu. Ulitoa maua ya manjano, kisha matunda mekundu yaliyokuwa ya zambarau yakiiva. Yalikuwa na mbegu ngumu zisizotafunika, lakini maji yake yalikuwa matamu na yalipaka midomo rangi isiyotoka kwa siku mbili. Hakuna mtoto wa Buswelu aliyeweza kumdanganya mama yake kwamba hakupita kwa Mama Kija. Wale wanawake waliocheka sasa walituma watoto wao na mabakuli.

Mimi na Kija, mtoto wa nyumba hiyo, tulizaliwa mwaka mmoja. Tulichuma pamoja na tulichomwa pamoja. Miiba mirefu ya mpungate haina shida, unaiona na unaikwepa. Vibaya ni vile vimiiba vidogo kama nywele, vilivyojikusanya kwa mafungu chini ya ile mirefu. Huvioni vinapoingia. Unavisikia baadaye, unapokunja kidole au unaposhika chumvi, na ukivikuna ndivyo vinavyozama. Mama Kija alikuwa na dawa yake. Alisonga ugali wa udaga, ule wa muhogo unaonata, akafinyanga tonge la vuguvugu na kuligandamiza kwenye kiganja changu, akahesabu pole pole mpaka kumi, kisha akalibandua. Vimiiba vyote vilitoka vimeganda kwenye tonge. Halafu alinipulizia kiganja na kusema, "Haya, nenda ukachomwe tena."

Kija alikufa kwa surua mwaka 1979. Alikuwa na miaka minane. Ilikuwa ni siku tano tu, na siku ya sita tuliambiwa tusipite upande ule. Kwetu baba wa marehemu hachimbi kaburi la mwanawe, majirani ndio wanaochimba, na aliyechimba la Kija ni baba yangu. Namkumbuka amesimama ndani ya shimo, udongo umemfika kiunoni, analia bila kujificha. Mama Kija aliomba mtoto asilazwe karibu na nyumba, alazwe kando ya ua, mahali alipopenda kuchumia matunda. Wakapima hatua tatu kutoka kwenye ua kuingia ndani ya kiwanja chake. Juu ya kaburi wakapanga mawe saba meupe ya kutoka mlimani. Saruji hawakuwa nayo, na jina hakuna aliyefikiri kuliandika, maana nani angesahau?

Baadaye, watu walipokuwa wanaondoka, Mama Kija alimwambia baba yangu, "Shemeji, siku yangu ikifika mnilaze hapo hapo, ubavuni kwake. Usije ukanipeleka pengine."

Baba akajibu, "Nitachimba mwenyewe, shemeji."

Mama Kija hakupata mtoto mwingine. Kila Jumamosi alipalilia lile kaburi, akapanga upya jiwe ambalo mbuzi amelisukuma, kisha akakaa kidogo chini ya mpungate akila tunda moja, moja tu. Mtu akimuuliza anataka nini katika maisha, ndilo hilo alilokuwa nalo na ndilo alilolitaka: mahali pale, na nafasi ya mwili mmoja kando yake.

Sasa nije kwenye ukame wa mwaka 1984. Baba yangu alikuwa na ng'ombe kumi na mmoja, na kwa Msukuma ng'ombe ndio mtu mwenyewe. Nyasi ziliisha, mabua yakaisha, ng'ombe wakaanza kula nyasi za paa. Mmoja alianguka akafa, wa pili akaanguka. Mama Kija alikuja nyumbani kwetu asubuhi na panga begani. "Shemeji Chenge, kwa nini ng'ombe wafe na mimi nina ua?"

Alitufundisha kubabua. Unawasha moto wa takataka kavu, unakichoma kipande kwenye uma wa mti, unakigeuza mpaka miiba mirefu na vile vimiiba viungue viishe, kisha unakikatakata kwenye karai. Usipobabua vizuri midomo ya ng'ombe inavimba na anaacha kula. Ng'ombe walikula wakanywa humo humo, maana maji yamo ndani. Tuliwalisha mpungate miezi minne. Ng'ombe tisa waliuona msimu wa mvua. Tangu hapo kila kiangazi ikawa desturi, Mama Kija anakata, sisi tunababua.

Lakini alikata upande gani? Hapa ndipo penye kiini cha habari yote. Alikata upande wa kwetu. Kwanza, ndiko walikokuwa ng'ombe. Pili, kwetu kumtupia jirani miiba uani kwake ni tusi. Mtu anaweza kukutukana ukasamehe, lakini ukikuta miiba imetupwa upande wako unajua uadui umetangazwa. Kwa hiyo Mama Kija alihakikisha upande wetu haubaki hata kijipande. Alikata, akaokota, na vidogo visivyofaa kwa ng'ombe akavirusha ndani, upande wake. Na kipande cha mpungate kikirushwa kinaota.

Mwaka baada ya mwaka ua ulilika upande wa nje na kuota upande wa ndani. Ukaanza kuhama, kidogo kidogo, kuelekea nyumbani kwake. Kwanza ulilifikia kaburi la Kija ukalizunguka, mawe yakawa katikati ya miiba. Mama Kija akafungua kinjia cha kuingilia. Baadaye ua ukapita, na kaburi likatokea upande wa pili, upande wetu. Alipoligundua hilo alitaka kupanda upya kwenye mstari wa zamani. Nilikuwepo, natwanga. Baba alicheka akamwambia, "Acha, shemeji, usijitese. Hapa wote ni nyumbani. Ukitaka kupalilia pita tu, nani atakuzuia?" Na kweli aliyasema kwa moyo mweupe, siku hiyo. Akaacha. Kila Jumamosi akawa anazunguka na jembe lake, anatuamkia, anapalilia upande wetu kana kwamba ni kwake, kwa sababu palikuwa ni kwake.

Halafu ukaja wakati wa ruksa. Kila kitu kilikuwa ruksa: mitumba ruksa, duka ruksa, mnunuzi binafsi wa pamba ruksa, na kufungwa kwa kiwanda cha Shigela nako kukawa ruksa. Walimpunguza kazini mwaka 1993 na kumpa barua ya shukrani. Alikaa nayo mlangoni miezi kadhaa, akiikunja na kuikunjua, kisha akaugua kifua akafa. Ndugu zake walimchukua wakamzika kwao ng'ambo. Mama Kija alirudi peke yake na kivuko, na wote tuliokuwa Buswelu tulijua kwa nini amerudi wakati hakuwa na mume wala mtoto aliye hai hapa.

Mjini viwanda vya minofu ya sangara vilikuwa vinaota kando ya ziwa. Minofu ilipanda ndege, sisi tukaachiwa mapanki, vichwa na mifupa, tukakaanga tukasema afadhali. Waliotajirika na samaki wakaanza kutafuta ardhi. Walianza Buzuruga, kulipojaa wakatazama huku kwetu. Watu waliokuwa wakiitana ndugu wakaanza kutembea jioni kwenye mipaka yao, mikono nyuma, wanatazama chini. Wazee waliojua mambo ya zamani walikuwa wanapungua. Mzee Ndalahwa alikufa, mama yangu alikufa, na vijana walikimbilia dhahabu ya Geita.

Mwaka 1996 tajiri mmoja wa samaki alimjia baba yangu. Alitaka mahali pa kujenga ghala na kulaza malori. Kiwanja chetu alikipenda ila kilikuwa chembamba, upande mmoja kina mawe makubwa, na lori haliwezi kugeuka. Alisimama, akautazama ule ua wa mpungate na nafasi tupu iliyokuwa mbele yake, zile hatua nane zilizoliwa na ng'ombe wetu. Akauliza, "Mpaka wako ni hapo kwenye dungusi?" Mjini wanauita dungusi.

Baba yangu hakuwa mtu wa miiba mirefu. Alikuwa mcheshi, watu walimpenda. Aliutazama ua kama mtu anayetafuta jina la mtu. Kisha akasema, "Ndiyo. Mpaka ni ua."

Jioni hiyo aliniita. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mitano, nimemaliza darasa la saba zamani, nimeachwa na mwanamume wa Igoma, niko nyumbani kwa baba nachota maji kama msichana. Baba alijua ninachokitaka, kila mtu alijua: cherehani, na kibanda karibu na stendi ya Buzuruga, nishone, niishi kwa mikono yangu. Akasema biashara hii ikikamilika cherehani ni yangu. Kisha akaongeza, kama jambo dogo, kwamba siku ya mpimaji anaweza akaulizwa mtu mwingine wa nyumba hii, na kwamba nyumba ni moja.

Mpimaji alikuja mwezi wa nane na mnyororo wake na vigingi vya chuma. Alikuwa mtu mpole, hata sina ubaya naye. Alifuatana na mwenyekiti wetu mpya, kijana aliyehamia juzi na kushinda kura kwa kununua pombe. Majirani kama kumi na watano walisimama. Mpimaji akaeleza kwamba pasipo na hati mpaka ni ule unaoonekana, isipokuwa kama kuna alama au shahidi.

Mama Kija akasogea mbele. Alikuwa amevaa kitenge cha kanisani. Aliamkia, akasema, "Baba, ua huu umehama. Mpungate unahama ukikatwa upande mmoja. Ulikuwa pale," akaonyesha kwa mkono. "Mimi ndiye niliyekuwa nikiukata, kwa ajili ya ng'ombe."

Mpimaji akachutama, akatafuta visiki. Ungekuwa mnyaa au mti wowote wa maana, angevikuta. Mpungate ukifa haubakizi kitu. Unaoza unakuwa ute, ute unakauka unakuwa kama wavu wa nyuzi, na mchwa wanamaliza. Alichimba kwa ncha ya kiatu, akainuka, akajipangusa magoti. "Mama, sioni kitu."

"Kaburi lipo," alisema. "Hilo hapo. Mtoto wangu hawezi kuwa amezikwa kwenye kiwanja cha mtu."

Watu wote wakatazama yale mawe saba. Yalikuwa meupe, yamepaliliwa, maana juzi yake ilikuwa Jumamosi. Mwenyekiti akamgeukia baba yangu. "Mzee Chenge, unasemaje? Kaburi hili ni la nani?"

Baba akasema, "Ni la kwangu. Ni mtoto wetu, alikufa mchanga. Shemeji amezeeka, msimlaumu, anachanganya mambo. Wa kwake alizikwa ndani kule, karibu na nyumba."

Hakuna aliyecheka. Mwanamke aliyeitwa Mama Kija na kijiji kizima kwa miaka ishirini na mbili anaambiwa hajui Kija yuko wapi, na watu wanatazama vidole vyao vya miguu. Walikuwepo pale watatu au wanne waliomzika Kija. Lakini nao walikuwa na viwanja, na kila mmoja alikuwa anangoja tajiri wake. Wakimwumbua baba yangu leo, kesho nani atawasimamia wao?

Mpimaji hakuridhika. Macho yake yakazunguka yakanifikia mimi. "Wewe dada ni wa nyumba hii? Kaburi hili la nani?"

Nimeirudia saa ile mara nyingi kichwani. Nimejaribu kujiambia kwamba nilimwogopa baba. Sikumwogopa. Nilimtazama Mama Kija, na yeye alikuwa ananitazama bila wasiwasi wowote, kama mtu aliyekwisha kufika nyumbani. Alikuwa na uhakika nami. Kiganja changu kilikuwa kimepita mikononi mwake mara ngapi? Na katikati ya uhakika wake huo mimi nikaona cherehani, nyeusi, yenye maua ya dhahabu ubavuni.

Nikasema, "La kwetu."

Mama Kija hakupiga kelele wala hakutulaani. Ningefurahi kama angetulaani. Alingoja mpaka mpimaji alipoinama kuandika, kisha akasema kwa sauti ya kawaida, akinitazama mimi na siyo baba, "Kama ni lenu, lipalilieni." Akageuka akaenda kwake.

Vigingi vikapigwa mbele ya ua. Mwezi uliofuata tajiri alitaka kusawazisha, na kwa kuwa kaburi lilikuwa letu, sisi ndio tuliotakiwa kutoa ruhusa. Baba akasema ni la zamani, halina neno. Kabla katapila halijaanza, Mama Kija alikuja na ungo. Alisimama mbele ya baba yangu akaomba mawe. Hakusema ya nini. Baba akamwambia, "Chukua tu, shemeji, mawe si kitu." Akayaokota moja moja, saba, akajitwisha. Tulimpa mwenyewe mali yake kama sadaka, naye akasema ahsante.

Katapila lilisukuma udongo, likakanyaga na sehemu ya ua kwa kutafuta mahali pa kugeukia. Lilipasua mpungate likautawanya kiwanja kizima. Dereva alidhani ameufuta. Mvua za kwanza ziliponyesha kila kipande kilichovunjika kilikuwa kimesimama, kando ya ghala, chini ya matairi mabovu, kwenye nyufa za ukuta. Walinzi wanaukata, wanauchoma, wanaumwagia oili chafu. Unarudi. Hilo halimsaidii Mama Kija chochote, naeleza tu tabia ya mmea.

Cherehani nilipata. Inashona vizuri sana. Ninashona sare za shule, na kibanda changu kiko mahali pazuri, karibu na stendi. Baba yangu naye hakupatwa na baya lolote. Amejenga, amenunua redio kubwa, na kwa kuwa ana umri na maneno mazuri, siku hizi anaitwa kusuluhisha ugomvi wa mipaka. Watu wanambebea kiti. Nampikia, namwamkia, na siku nyingine namchukia hadi mshono unapinda sindano inapovuka kitambaa. Halafu nakumbuka kwamba aliyeulizwa mwisho ni mimi.

Nilizaa mtoto wa kike mwaka 1997. Nilimwita Kija. Nilidhani ndiyo toba yangu. Sikuweza kwenda kulala miguuni kwa Mama Kija na kusema nilidanganya, baba angali hai na ghala limesimama, basi nikaona angalau jina lisipotee, litembee tena Buswelu. Kwetu jina la marehemu wanalitoa wenyewe wenye marehemu. Unakwenda, unaomba, wanalitamka mbele ya mtoto na kumbariki. Sikwenda. Kuomba kungekuwa kukiri kaburi lile ni la nani.

Kwa miaka minne sikukanyaga kwa Mama Kija. Nilipishana naye njiani, nikasema shikamoo, akasema marahaba, yakaishia hapo. Mwaka jana, mwezi wa pili, nilikuwa nimemleta mtoto kwa babu yake. Nilifumba macho kidogo tu, mtoto akaenda kwenye ukuta wa ghala, akashika tunda jekundu la mpungate kwa mikono yote miwili. Kelele zake zilisikika hadi barabarani. Nilijaribu kwa kibano, nikavikata vimiiba juu vikabaki ndani. Nilipaka mafuta ya taa. Viganja vikavimba. Mtoto hakuweza kushika kikombe.

Nikambeba nikaenda, kwa sababu sikuwa na pengine pa kwenda.

Mama Kija alikuwa ameketi mlangoni pa jiko. Amekonda, jicho moja lina ukungu. Yale mawe saba alikuwa ameyapanga kando ya kizingiti, kwa duara kama yalivyokuwa, na katikati yake ardhi ilikuwa imepaliliwa ingawa hakukuwa na kitu chini yake. Nilisema shikamoo. Akaitikia. Akatazama mikono ya mtoto, akainuka. Aliingia ndani, nikasikia mwiko ukigonga sufuria, na harufu ya udaga ikanijia pale nilipokuwa nimesimama. Machozi yakanitoka, nikayafuta haraka asije akayaona.

Akatoka na tonge. Akamkalisha mtoto mapajani, akagandamiza, akaanza kuhesabu pole pole. Mtoto akanyamaza. Alipofika kumi akabandua, akaligeuzia tonge kwenye mwanga kutazama vimiiba. Akafinyanga jingine.

"Mjukuu wangu mzuri huyu," akasema. "Unaitwa nani?"

Nilitaka kuwahi. Nilitaka kusema jina lingine lolote. Lakini mtoto wa miaka mitatu anajua kitu kimoja vizuri, na alikuwa amekwisha kutulia, akamjibu kwa sauti kubwa kama alivyofundishwa.

Mkono wa Mama Kija ukasimama juu ya kiganja cha mtoto. Hakunitazama mimi. Alitazama yale mawe, muda mrefu.

"Na jina mmechukua," akasema.

Kisha akagandamiza tonge, akaanza tena moja, mbili, tatu, mpaka vimiiba vyote vikatoka.